Mruko wa Pili wa Feliksi

Mchukuzi aliyeitwa Feliksi pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, hakuwa Feliksi, na nusu ya Kibirizi ilijua. Nusu iliyobaki haikuwa na shida ya kujua, maana alikuwa anabeba gunia la dagaa kutoka mchangani hadi kwenye lori bila kulichana wala kuchomoa hata dagaa mmoja wa kutafuna njiani, na mchukuzi wa namna hiyo haulizwi kwao ni wapi.

Jina alilopewa na baba yake lilikuwa Tuyizere. Alizaliwa Burundi, kwenye ukoo wa wapiga ngoma, wale abatimbo wanaoweka ngoma kubwa kichwani na kutembea nazo huku wakizipiga. Alivuka mpaka mwaka wa tisini na sita, akakaa kambi ya wakimbizi miaka miwili, halafu asubuhi moja akatoka kwenda kutafuta kuni na hakurudi. Alipofika kijiji cha Kidahwe alikuwa hoi. Akapata kibarua cha kulima mihogo kwa mzee mmoja Muha, na binti wa mzee yule, Eufrasia, ndiye aliyekuwa akimletea maji shambani. Maji yale yalizaa ndoa, ndoa ikawahamishia Kibirizi, ikazaa mtoto wa kike, Diana, ambaye mwaka ninaousimulia, elfu mbili na sita, alikuwa na miaka sita na tayari ana mdomo.

Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa watu wa aina yake. Mkimbizi aliyekutwa nje ya kambi bila kibali alikuwa zamani anarudishwa kambini, anakemewa, basi. Sasa habari zilizozagaa ni kwamba magari yanapita mitaani na hayaishii kambini, yanakwenda moja kwa moja mpakani. Aliyeoa huku anapakiwa peke yake. Mke na mtoto wanabaki wamesimama barabarani na vumbi lao.

Kwa hiyo alijiita Feliksi, mtu wa Kalinzi, kule milimani kwa Waha. Alijifunza kuamkia "mwakeye" kama Waha wanavyoamkia, alijifunza majina ya vijito vya Kalinzi na ni padri gani alibatiza watu miaka ile, na juu ya yote alijifunza kunyamaza. Kwenye harusi, ngoma ikilia, aliikalia mikono yake. Nasema kweli, aliiweka chini ya mapaja na kuikalia, mpaka vidole vinakufa ganzi, kwa kuwa mikono ile ilikuwa haina akili. Ingesikia mdundo ingejibu.

Sasa mwezi. Watu wa bara wanaonunua dagaa sokoni hawajui kwamba dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, mitumbwi inavutwa mchangani, na Kibirizi nzima inakaa bure siku saba, nane, nyavu zimeanikwa na wachukuzi wanagombana kwa kukosa cha kubeba. Katikati ya Februari ile mwezi ulikuwa mpevu, na watu walijazana tangu asubuhi kwenye banda la video la Dismasi.

Dismasi alikuwa na jenereta, dishi, na king'amuzi ambacho muda wake ulikuwa umekwisha, kwa hiyo mpira ulikuwa haupo. Ilibaki stesheni moja tu ya michezo, inatangazwa kwa lugha ambayo hata Dismasi, aliyefika kidato cha pili, hakuijua. Na stesheni hiyo wiki ile ilikuwa inaonyesha wanaume wanacheza juu ya barafu.

Siku ya kwanza walicheka mpaka machozi. Mwanaume mzima, shati la kumetameta, suruali ya kubana, anateleza kwa viatu vyenye kisu chini! Siku ya pili walinyamaza. Siku ya tatu walikuwa wameshagawanyika vyama viwili, na vyama hivyo vilichukiana kuliko Simba na Yanga.

Chama cha kwanza kiliongozwa na Oswald, mchuuzi mkubwa wa dagaa, mtu wa tumbo na sauti, na kilimshabikia kijana waliyempa jina la Shati Jeusi. Shati Jeusi alikuwa anaruka juu na kuzunguka mara nne kabla hajatua. Mara nne! Oswald aliwahi kuzihesabu kwa vidole akapotea. Chama cha pili kilikuwa cha Dismasi, na kilimpenda mwingine, Bluu, mwembamba, mzee kidogo kwa kazi ile, ambaye hakuruka sana lakini muziki ulipoinama naye aliinama, na mikono yake ilikuwa inamalizia kile ambacho miguu imeanza.

"Mpira ni goli," Oswald alisema, kama alivyosema kila siku. "Refa hakupi goli kwa sababu umekimbia kwa madaha. Karuka mizunguko minne, mpe chake. Huyu wako anapunga mikono kama anafukuza nzi."

"Na kwaya je?" Dismasi akamjibu. "Kwaya za parokia zikishindana pale mjini, jaji anahesabu nini? Anahesabu nani kapiga kelele zaidi?"

"Kwaya ni ibada, hii ni michezo."

"Mbona wanapigiwa muziki? Uliona wapi golikipa anapigiwa kinanda?"

Eufrasia, mkewe Feliksi, aliuza chai na maandazi kwenye kona ya banda lile, jiko lake la kuni likiwa nje kidogo ya mlango. Naye alikuwa chama cha Bluu, na hakuficha. "Shemeji Oswald," alisema akimimina chai, "wewe hata ugali unapenda kwa ukubwa wa bonge, hujali kama umeiva."

Banda zima likacheka. Feliksi peke yake hakucheka wala kuchagua chama. Alikaa benchi la nyuma, mikono chini ya mapaja. Ila macho yake, ewe msomaji, macho hayakaliwi. Mtu akiruka mle kwenye kioo, Feliksi hakutazama kimo wala hakuhesabu mizunguko. Alitazama mguu unaposhuka, kama umeshuka juu ya mdundo au umeshuka popote tu.

Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Baba yake, Mzee Harerimana, alikuwa akisema kuruka hata mbuzi anaruka, kazi ni kutua. Na kwenye kundi lake aliweka sheria moja ambayo hakumsamehe mtu: ukiruka mbele ya ngoma na mkono wako ukagusa ardhi, unaziweka fimbo zako mbili chini mbele ya ngoma ya katikati, unatoka, na huzigusi tena mpaka mtama uvunwe. Wanaume wenye wajukuu waliwahi kuziweka huku wanalia. Tuyizere hakuwahi kuziweka hata mara moja, na hilo, katika maisha yaliyomnyang'anya karibu kila kitu, ndilo alilokuwa nalo la kujivunia. Alikuwa amemsimulia Eufrasia tu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa fainali, marudio ya saa nane mchana. Banda lilijaa hadi mlangoni. Na dakika chache kabla ya kuanza, akaingia Selestini.

Selestini alikuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi ya mtaa, na wiki mbili hizo alikuwa anazunguka na daftari akiandika majina ya watu na kwao. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana hakuwa mtu wa kununulika wala wa kupiga kelele. Alikuwa makini. Zaidi ya hapo, aliwahi kulinda geti la kambi miaka miwili, kwa hiyo vitu ambavyo mtu wa Kigoma mjini hawezi kuvijua, yeye alivijua. Akasalimia, akapewa kiti cha mbele, akakigeuza kidogo ili awaone watu na kioo kwa pamoja. Daftari akaliweka gotini.

Eufrasia alimtazama mumewe. Feliksi aliona kwamba chai aliyokuwa anamimina ilikuwa imejaa na inamwagikia kwenye sahani.

Kutoka pale kungeonekana. Akabaki.

Bluu alitangulia. Nitasema kidogo tu, maana waliokuwepo wanalisimulia vizuri kuliko mimi. Alicheza na hakukosea. Kila alipotua, alitua ndani ya muziki, na mwisho alisimama katikati ya barafu mikono juu, banda likashusha pumzi. Hata Oswald alisema, "Haya, huyu leo kafanya kazi," akajuta papo hapo.

Akaja Shati Jeusi. Akaruka mizunguko minne, akasimama. Akaruka tena mizunguko minne, na safari hii akaanguka, akajisukuma kwa mkono kwenye barafu, akanyanyuka akaendelea. Kwenye kona ya kioo namba zilikuwa zinapanda tu. Zikapanda zikampita Bluu. Aliyeanguka akawa wa kwanza.

Wee! Watu walisimama juu ya mabenchi. Oswald alikuwa anacheza katikati ya banda na tumbo lake. Dismasi alitishia kuzima jenereta. "Kaanguka!" alipiga kelele. "Kaanguka, kampita aliyesimama! Hawa majaji wana macho?"

"Kaanguka baada ya mizunguko minne!" Oswald akamrudishia. "Mizunguko inahesabiwa, kuanguka kunapunguzwa, kinachobaki bado ni kikubwa. Hesabu hiyo! Hujasoma?"

Na katikati ya makelele yale ikasikika sauti ya nyuma, sauti ambayo watu wa Kibirizi walikuwa wameisikia ikisema "ndiyo bosi" na "gunia la ngapi" tu kwa miaka yote aliyowabebea.

"Aliyegusa chini hapewi kitu."

Banda likageuka. Feliksi alikuwa amesimama. Mikono haikuwa chini ya mapaja tena.

"Nani kakwambia?" Selestini aliuliza, kwa upole.

Oswald, ambaye furaha ilikuwa imemlevya, akadakia bila kufikiri. "Na wewe umeruka lini, bwana? Mtaro pale kwa Dismasi unauzunguka. Ruka basi tuone! Dismasi, mpigie dumu!"

Watu wakacheka, wakapisha nafasi. Dismasi, ili naye apoze hasira zake, akachukua dumu tupu la mafuta akaanza kulipiga. Alipiga ovyo ovyo kwanza. Kisha mkono ukakaa, ukapata mdundo mzito wa taratibu, ule unaotokea wenyewe mtu akipiga bila kuwaza.

Ukiniuliza mimi, ulikuwa ujinga. Angeweza kuruka kama anavyoruka mchukuzi yeyote, akachekwa, akaketi. Nilishawahi kumsikia akisema mwenyewe kwamba alinuia hivyo. Lakini alikuwa amemwona Bluu akitua vizuri na akinyimwa, na miaka minane ya kukalia mikono ikampanda kooni. Alipita mlangoni, akachukua vijiti viwili kwenye kuni za mkewe. Eufrasia alimshika shati, shati likamponyoka.

Alipiga dumu mara moja kwa kijiti, kuomba ruhusa, kama inavyotakiwa. Akarudi nyuma hatua tatu. Akazungusha kijiti shingoni, akaruka.

Magoti yalifika kifuani. Mikono ilifunguka juu. Watu wanasema alikaa hewani, jambo lisilowezekana, lakini wote wanalisema. Akatua kwa nyayo zote mbili juu ya pigo la dumu, barabara, vumbi likaruka kwa pamoja na sauti, na hakuyumba hata kidogo. Kisha akarudi kwenye dumu, akaliinamia.

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu mle ndani alikuwa ameelewa kwa wakati mmoja. Diana, aliyekuwa amekaa karibu na jiko, alikuwa anamtazama baba yake mdomo wazi.

Selestini alifungua daftari. "Nilikuwa getini kule kambini," alisema. "Siku ya sherehe walikuwa wanakuja abatimbo. Niliwaona wakiruka." Akachomoa kalamu. "Watu wa Kalinzi sikuwahi kuwaona wakiruka hivi. Jina lako kamili nani, ndugu?"

Feliksi alifungua mdomo. Hakujua mwenyewe ni jina gani litatoka.

"Kagusa chini!"

Alikuwa Oswald. Jasho lilikuwa linamtoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga mtoto wa mwenzake. "Nimeona kwa macho yangu. Mkono wa kushoto umegusa chini. Selestini, wewe uliyewaona hao abatimbo, wanagusa chini?"

"Hawagusi," Selestini alisema taratibu.

"Basi! Huyu kagusa. Kaigiza tu alivyoona kwenye video. Mimi nampa sifuri."

Kisha Dismasi, aliyeshindana na Oswald kwa kila neno tangu Jumanne, akaliweka dumu chini. "Kagusa," alisema. "Na mdundo kaukosa. Mimi ndiye nilikuwa napiga, nisingejua? Sifuri."

"Miguu imepinda," akasema mwingine. "Sifuri." "Mikono kama anafukuza nzi." "Sifuri." Likazunguka banda zima, chama cha mizunguko na chama cha madaha, watu ambao hawakuwa wamekubaliana hata kama chai ina sukari, na wote walikuwa waamuzi wa uongo kwa sauti moja. Feliksi alisimama katikati yao akisikiliza mruko bora wa maisha yake ukipewa sifuri, na uso ulimwaka. Alijua wanamwokoa. Iliuma hivyo hivyo.

Selestini aliwaacha wamalize. "Sawa," alisema. "Mimi nilikuwa natazama pembeni, labda sikuona vizuri. Aruke tena."

Dismasi alilichukua dumu. Akapiga.

Feliksi alimtazama Eufrasia. Eufrasia alijua sheria ya Mzee Harerimana, na alijua anachomwomba mumewe. Alimvuta Diana akamweka mbele ya magoti yake, akamshika mabega, ili baba yake amwone vizuri.

Akaruka. Aliruka ovyo, mguu mmoja mbele, kijiti kimoja kikamponyoka kikagonga benchi. Alitua nje ya mdundo, kwa kisigino, akapepesuka, na mkono wake wa kushoto ukashuka ukagusa ardhi. Kiganja kizima, na vidole vyote. Aliuacha pale muda wa kutosha ili mtu mwenye daftari asiwe na shaka.

Banda lililipuka kwa kicheko. Walicheka mno, kicheko cha watu walioponea chupuchupu, na Oswald alicheka kuliko wote huku anafuta macho. "Mnaona? Mchukuzi ni mchukuzi tu!"

"Jina," Selestini alisema.

"Feliksi. Wa Kalinzi."

Selestini akaandika. Oswald, aliyechungulia begani kwake, anasema hadi leo kwamba iliandikwa hivi: Feliksi, Kalinzi, hajui kuruka. Kisha akafunga daftari, akalipia chai yake, na alipofika mlangoni akageuka. "Ule wa kwanza," alisema, "kama asingegusa chini, ungekuwa mzuri sana." Akaondoka.

Hakuna aliyetaka tena kujua nani alipewa medali. Watu walitawanyika mmoja mmoja, na waliopita karibu na Feliksi walimgusa bega bila kumtazama usoni. Oswald alisimama mbele yake, akasema kwamba Jumatano mwezi utakuwa umepungua na mzigo utakuwepo. Sauti yake yote ilikuwa imekwisha.

Walipobaki wao watatu, Feliksi aliokota kile kijiti kilichoanguka. Akaenda mbele ya dumu. Akapiga magoti, akavilaza vijiti viwili chini, sambamba, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mtu mzima, kama walivyolia wale wenye wajukuu. Diana aliuliza kama baba ameumia mkono. Mama yake alimwambia ndiyo, ameumia mkono.

Jiko lilikuwa linazimika na watu wa jioni walikuwa bado hawajaja kunywa chai. Eufrasia aliviokota vile vijiti, akavipangusa kwa kanga, akavifunga kwa kamba ya magunia. Alichemsha chai kwa kuni nyingine.

Magari yalipita Kibirizi mwezi wa tatu, na ya mwezi wa tano yakachukua watu wawili kutoka mitaa ya juu. Mlangoni kwa Feliksi hayakusimama. Mwezi wa saba mtama ulivunwa Kidahwe, na baba yake Eufrasia akawaletea debe moja. Siku hiyo Eufrasia alisonga ugali wa mtama mpya, akaupakua, na kando ya sahani ya mumewe akaweka kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya magunia. Feliksi alikitazama, akala akamaliza, akanawa mikono yote miwili. Kisha akaifungua kamba.